Programu nayo ni dhamana

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotoka, vijana wetu na wazazi wao hukaa kitako kulijadili swali moja: asomee nini? Zamani majibu yalikuwa machache na yenye kufahamika: ualimu, udaktari, sheria, kilimo, uhandisi wa majengo na barabara. Siku hizi vijana wengi wanataka kusomea mambo ya kompyuta, na miongoni mwao wamo wanaojaza katika fomu zao somo liitwalo uhandisi wa programu. Mzazi anapoliona jina hilo huuliza, na ana haki ya kuuliza, ni elimu gani hiyo na itamfikisha wapi mwanawe. Baadhi hudhani ni ufundi wa kufungua kompyuta mbovu na kuzitia vipuri. Baadhi hudhani ni njia ya mkato ya utajiri, kwa kuwa wamesikia habari za mabilionea wa Marekani walioanza biashara zao wangali vijana.

Dhana zote mbili ni potofu, na upotofu wake una hasara kwa umma. Sisi tuliolelewa katika Chama tulifundishwa mapema kwamba cheo ni dhamana: mwenye cheo amebeba kitu cha watu, naye ataulizwa namna alivyokibeba. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba programu nayo ni dhamana. Kijana anayekwenda chuo kikuu kusomea uhandisi wa programu, akifundishwa sawasawa, hujifunza kuibeba dhamana hiyo na kuijibia mbele ya watu. Asipofundishwa hivyo, atahitimu akiwa hodari wa kuiamuru mashine na asiyejua amri zake zinamwangukia nani.

BANDA LA KUKU NA DARAJA

Programu ni mkusanyiko wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine, bila ya kuchoka na bila ya kuuliza. Fikra ya kuipanga kazi ya hesabu kwa hatua zinazofuatana si ngeni katika elimu ya Mashariki. Mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliandika vitabu vya hesabu vilivyokuja kutafsiriwa kwa Kilatini. Jina lake likageuzwa matamshi huko, likazaa neno algorithimu, ambalo hadi leo ndilo jina la hatua hizo katika kila darasa la kompyuta duniani. Neno aljebra nalo limetokana na jina la kitabu chake kimojawapo. Kwa hiyo kijana wetu aingiapo katika darasa hilo asijione kama mgeni aliyealikwa kwa hisani.

Lakini kuandika programu ni jambo moja, na uhandisi wa programu ni jambo jingine. Mwenye nyundo na misumari anaweza kujijengea banda la kuku; likianguka, hasara ni yake na kuku wake. Daraja la kupita watu halijengwi hivyo. Hupimwa udongo, hukadiriwa uzito wa magari, huandikwa michoro, na baada ya kufunguliwa hukaguliwa mwaka hata mwaka. Programu ya kijana anayejifurahisha nyumbani ni banda la kuku. Programu ya kulipa mishahara ya walimu, ya kupanga dozi ya mgonjwa au ya kuhifadhi hati za ardhi ni daraja, na wanaolipita ni maelfu ya watu ambao hawatamwona kamwe aliyelijenga.

CHIMBUKO LAKE

Jina la uhandisi wa programu lilienea baada ya mwezi Oktoba 1968, wakati wataalamu walipokutana katika mji wa Garmisch, uliokuwa Ujerumani Magharibi, katika mkutano uliodhaminiwa na Kamati ya Sayansi ya NATO. Hatulazimiki kuipenda jumuiya ile ya kijeshi ndipo tuukubali ukweli uliosemwa pale. Wataalamu wale walikiri kwamba mashine zilikuwa zikikua upesi kuliko uwezo wa watu wa kuziandikia programu. Kazi zilichelewa, gharama zilipindukia makadirio, na programu zilikabidhiwa zikiwa na makosa. Wakalichagua neno uhandisi kwa makusudi, kwa sababu walitaka programu zijengwe kwa nidhamu ile ile inayotarajiwa kwa wajenzi wa madaraja na mitambo, ilhali nidhamu hiyo ilikuwa bado haijapatikana.

Miongoni mwa waliojifunza kwa taabu ni Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kuu ya kompyuta za IBM System/360 katika miaka ya 1960. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 alieleza kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa huizidisha kuchelewa, kwa kuwa waliotangulia hapana budi waiache kazi yao ili wawaelimishe wageni. Viongozi wenye desturi ya kutoa amri ya kuongeza nguvu kazi kila jambo linapokwama, walizingatie hilo.

Katika miaka hiyo hiyo mwanamke mmoja, Margaret Hamilton, aliliongoza kundi la wataalamu wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walioandika programu ya vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Naye ni katika watu wa mwanzo kuiita kazi yao uhandisi. Julai 1969, dakika chache kabla ya chombo kutua, kompyuta ilielemewa na kazi na ikaanza kutoa tahadhari. Programu ilikuwa imeandaliwa kwa siku kama ile: ikaziacha kazi ndogo, ikashika ile kubwa ya kutua, na chombo kikatua salama. Mtu wa kawaida huifikiria siku njema. Mhandisi hulipwa ili aifikirie siku mbaya kabla haijafika.

YANAYOSOMWA CHUONI

Katika Afrika Mashariki shahada ya uhandisi wa programu inafundishwa katika vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda na Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Vyuo vingine hutoa masomo yanayokaribiana nayo kwa jina la sayansi ya kompyuta au teknolojia ya habari. Mwanafunzi huanza na hisabati, hasa mantiki, seti na takwimu. Kisha lugha za kuiandikia kompyuta, namna ya kuzipanga data, hifadhidata, mitandao na usalama wake. Hayo huyasoma pia mwenzake wa sayansi ya kompyuta. Mhandisi huongezewa mambo ambayo kijana mwenye pupa huyadharau, nayo ndiyo yenye uzito.

La kwanza ni kuuliza. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, mhandisi hana budi ajue mahitaji ya watakaoitumia: karani, muuguzi, mwalimu mkuu, mvuvi anayelipia leseni yake. Hii ni kazi ya masikio na subira, na haifanyiki ofisini kwa kukisia.

La pili ni upimaji. Fundi wa jahazi hamalizi kazi yake kwa kupigilia ubao wa mwisho. Hutia kalafati katika kila mwanya, na chombo kikishashushwa hutazamwa kama kinavuja kabla ya kupakiwa mzigo. Mtaalamu wa Kiholanzi Edsger Dijkstra alikumbusha kwamba kupima programu kunaweza kuonyesha kuwa makosa yapo, lakini hakuwezi kuthibitisha kuwa hayapo. Mwenye kulielewa hilo hatasema kwa kiburi kwamba programu yake haina kosa.

La tatu ni kukubali kusahihishwa. Waliosoma chuo cha Kurani wanajua kwamba mwanafunzi hajipi idhini mwenyewe. Husoma mbele ya mwalimu, hurudishwa herufi kwa herufi, na hapandi sura nyingine mpaka ile ya kwanza imenyooka. Hakuna aonaye haya kwa kurudishwa, kwa sababu kilicho mbele yake ni kikubwa kuliko nafsi yake. Katika uhandisi wa programu nako desturi njema ni kwamba kazi ya mtu haiingizwi katika mfumo mpaka mwenzake ameisoma na kuikosoa. Kijana anayekasirika kukosolewa hajawa mhandisi bado, hata kama ana kipaji.

La nne ni kuandika kumbukumbu, na la tano ni matengenezo. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Programu isiyo na maelezo ya namna ilivyojengwa ni mali ya aina hiyo. Siku aliyeiandika akihama, ofisi hubaki na kitu kinachofanya kazi bila mtu kujua kwa nini, na siku kikisimama hapana ajuaye pa kuanzia. Sehemu kubwa ya umri wa programu, na ya gharama zake, huja baada ya kukabidhiwa: sheria hubadilika, kodi hubadilika, mashine hubadilika. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

MASHINE ILIYOUA

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni maneno makubwa kwa kazi ya kubofya vitufe. Basi na aitazame mashine iliyoitwa Therac-25, iliyotengenezwa Kanada kwa ajili ya kuwatibu wagonjwa wa saratani kwa mionzi. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya vyuma na umeme vya kuzuia mionzi isizidi. Katika mashine hii watengenezaji waliviondoa baadhi ya vizuizi hivyo, wakaiachia programu kazi ya ulinzi. Baina ya mwaka 1985 na 1987, katika hospitali za Marekani na Kanada, wagonjwa 6 walipigwa na mionzi iliyopita kiasi, na baadhi yao wakafa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba mhudumu aliyezoea kazi, akirekebisha haraka maandishi aliyokosea, aliweza kuiacha mashine katika hali ambayo programu haikuitarajia. Sehemu za programu zilichukuliwa kutoka mashine za zamani, kumbukumbu zake zilikuwa haba, na wagonjwa walipolalamika kwamba wameungua, jibu la mwanzo lilikuwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Jibu hilo ndilo lililoongeza idadi ya walioumia.

WALIOFUNGWA KWA HESABU ZA UONGO

Mfano mwingine ni wa Uingereza, nao unawahusu watu wa kawaida kabisa. Kuanzia mwaka 1999 Posta ya nchi hiyo ilifunga katika matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliojengwa na kampuni ya ICL iliyokuwa chini ya Fujitsu. Matawi mengi madogo yaliendeshwa na watu binafsi kwa mkataba, aghalabu mke na mume wenye duka kijijini, na mkataba uliwataka wafidie upungufu wowote wa fedha. Mfumo ulipoanza kutumika, mashine zilionyesha upungufu katika matawi ambayo wenyewe waliapa kuwa hawakuchukua hata senti. Wengine waliuza nyumba zao ili kulipa deni ambalo halikuwapo. Wakipiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo.

Baina ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo, na wengi wao walishitakiwa na Posta yenyewe. Mwaka 2010 mama mmoja mjamzito alipelekwa gerezani. Wapo waliofilisika, wapo walioachana na wake au waume zao, na wapo waliokufa kabla ya majina yao kusafishwa. Ushahidi mkubwa dhidi yao ulikuwa karatasi iliyotolewa na mashine.

Ilikuwaje mahakama za nchi inayojisifu kwa utawala wa sheria zikaikubali karatasi ile? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Mwaka 1999 Bunge lao liliamua kukifuta kifungu hicho, na tokea hapo kompyuta ikadhaniwa kuwa ni nzima mpaka mshitakiwa aonyeshe vingine. Mwenye duka wa kijijini angeonyesha nini, ilhali maandishi ya programu na orodha ya makosa yake vimo mikononi mwa Posta na kampuni?

Haki ilirudi polepole. Mmoja wa wahanga, Alan Bates, aliwakusanya wenzake, na watu 555 wakafungua kesi ya pamoja. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na makosa yaliyoweza kusababisha upungufu wa hesabu, na kwamba watumishi wa kampuni waliweza kuzigusa hesabu za matawi kutoka mbali, jambo lililokuwa likikanushwa. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta hukumu nyingine kwa mamia. Miaka 25 ilikuwa imepita tangu mfumo ule uanze.

Tujiulize kosa lilikuwa la nani. Programu kubwa haikosi makosa. Balaa lilikuja pale waliojua kwamba makosa yapo waliponyamaza, na wakubwa walipoiamini mashine kuliko watu. Katika mlolongo huo kila mmoja alikuwa na nafasi ya kusema, na aliye karibu zaidi na ukweli ni yule aliyeiandika na kuitengeneza programu. Ndiyo maana maadili ni sehemu ya somo lenyewe. Mwaka huo huo wa 1999 vyama viwili vikubwa vya kimataifa vya wataalamu wa kompyuta, ACM na IEEE, viliidhinisha kanuni 8 za maadili ya mhandisi wa programu, na kanuni ya kwanza ni maslahi ya umma, kabla ya mwajiri na kabla ya mteja.

HALI YETU WENYEWE

Nchi yetu ina historia yake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine ilikwenda kombo, wataalamu wazalendo wakiwa haba na tegemeo likiwa kwa wageni, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, na leo hapana anayeitaka irudi. Hata hivyo hofu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa na msingi: taifa lisiloweza kuijenga, kuisoma wala kuitengeneza mashine linayoitegemea limejikabidhi kwa mwingine. Marufuku haikuwa dawa ya hofu hiyo. Dawa ni elimu, nayo ndiyo maana halisi ya Elimu ya Kujitegemea ambayo Mwalimu Nyerere aliieleza mwaka 1967.

Tumepiga hatua. Mfumo wa Serikali wa kupokea malipo kwa njia ya kielektroniki ulianza mwaka 2017, na mwananchi sasa hulipa ada na kodi kwa namba anayopewa, badala ya kumkabidhi mtu fedha taslimu dirishani. Mamlaka ya Serikali Mtandao iliundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki katika kazi ya mfumo wa taarifa za afya wa DHIS, ulioanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, na ambao maandishi yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyaboresha. Kadiri mifumo inavyoongezeka, ndivyo mwananchi anavyozidi kuhukumiwa na maagizo asiyoyaona.

Na tuchukue mfano wa kufikiria, ulio karibu nasi. Zanzibar ilianzisha Pencheni Jamii mwezi Aprili 2016, kwa wazee waliofikia umri wa miaka 70 na zaidi. Sasa kijana mmoja aliyesoma kwa vitabu vya Ulaya pekee anaagizwa kuandika programu ya kutunza orodha kama ile. Anaweka nafasi ya jina la ukoo, na anaagiza kwamba watu wawili wenye majina sawa na tarehe moja ya kuzaliwa wahesabiwe kuwa ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili, na jina la pili lifutwe. Kwa Mwingereza agizo hilo yumkini lisilete madhara makubwa. Kwetu ni dhuluma. Watu wengi wa visiwani hawana jina la ukoo. Mtu ana jina lake, la babake na la babu yake, na Fatma Juma Ali wamejaa kila shehia. Wazee wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, kwa hiyo huandikiwa tarehe ya kukadiria, aghalabu tarehe 1 Januari. Khadija mmoja huandikwa kwa herufi kh katika kitambulisho na kwa h tupu katika kadi ya hospitali. Kompyuta ikizifuata amri zake kwa utiifu, bibi kizee wa Pemba atafika siku ya malipo na kuambiwa kwamba hayupo.

Au tuitazame saa. Mswahili akisema saa mbili asubuhi, mashine iliyotengenezwa ng'ambo huandika 8:00. Mashine ikiandika 2:00 usiku, kwa Mswahili hiyo ni saa nane. Muuguzi na programu wasipoelewana juu ya saa, dozi ya mgonjwa itakosea kwa muda wa saa sita. Mambo haya hayamo katika kitabu chochote cha kigeni, na mhandisi hatayajua mpaka akae na watu, awasikilize kwa lugha yao. Hapo ndipo Kiswahili kinapokuwa chombo cha kazi ya uhandisi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice, menyu zake zote zikiwa kwa Kiswahili. Waliosema haiwezekani walijibiwa kwa vitendo.

MASHINE INAYOANDIKA PROGRAMU

Liko swali jipya ambalo vijana wanauliza, na halifai kukwepwa. Tokea mwishoni mwa mwaka 2022 programu za akili bandia zimeenea, na kazi ambayo mwanafunzi aliifanya kwa wiki nzima, mashine huiandika kwa dakika chache. Je, kuna haja gani ya kukaa chuo kikuu miaka mitatu au minne?

Jibu limo katika yale tuliyokwisha kuyasema. Mashine hiyo inaweza kuandika maagizo. Haitakwenda shehiani kumuuliza mzee jina la babu yake. Huandika kwa ufasaha lililo sahihi na lililo kosa, na asiye na elimu hatatofautisha. Na siku mwananchi anapodhulumiwa, mashine haiitwi mbele ya baraza kujieleza. Atakayeitwa ni mtu. Kadiri uandishi wa programu unavyokuwa rahisi, ndivyo kazi ya kuzichunguza, kuzipima na kuzijibia inavyokuwa ngumu na ya lazima. Kijana aliyekuwa akisoma ili ajue kuandika tu, ana haki ya kuwa na wasiwasi. Kijana anayesoma uhandisi kwa maana yake kamili ataona kazi yake imeongezeka.

LILILO MBELE YETU

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, vyuo vyetu viiache tabia ya kumpa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kazi ya karatasi ambayo ikishatolewa maksi huwekwa kabatini. Kazi hiyo iwe ya kweli, kwa ajili ya kituo cha afya, skuli, soko au chama cha ushirika. Ifanywe na kundi. Na isife kundi likihitimu. Wanafunzi wa mwaka unaofuata warithi programu ya kaka na dada zao, waisome, waitengeneze, na wapewe maksi kwa hilo. Atakayeirithi kazi isiyo na kumbukumbu hatahitaji kuhubiriwa tena umuhimu wa kumbukumbu.

La pili, taasisi za umma zinaponunua mfumo, mkataba useme wazi kwamba maandishi ya programu, maelezo yake na mafunzo kwa watumishi ni sehemu ya kilichonunuliwa. Kadhalika iwepo kanuni kwamba hakuna mwananchi atakayefutwa katika orodha, kukatwa mshahara au kushitakiwa kwa neno la mashine pekee, bila ya mtu mwenye jina na cheo kulichunguza shauri lake na kutia saini. Waingereza walilipa gharama kubwa kujifunza hilo, nasi tunaweza kujifunza bila ya kuilipa.

La tatu linawahusu vijana wenyewe, na hasa wasichana ambao bado huvunjwa moyo kwa kuambiwa kwamba hisabati si yao. Aliyeongoza programu za kufika mwezini alikuwa mwanamke. Someni, na msome kwa bidii. Vitabu ni vya Kiingereza na hamna budi mvimudu, lakini mkitoka darasani nendeni mkakae na karani, muuguzi na mkulima, mkajue kazi zao kabla ya kuwaandikia amri.

Mwananchi wa kawaida haombi programu iliyo ya ajabu. Anataka akifika dirishani jina lake liwepo, hesabu yake iwe sahihi, na ikiwa imekosewa awepo mtu wa kumsikiliza na mwenye uwezo wa kuirekebisha. Kijana atakayehitimu akiwa na uwezo wa kumtimizia hayo, na ujasiri wa kusema mapema pale anapoona hayatatimia, ameichukua dhamana yake. Tumpeleke chuo kikuu akaipate elimu hiyo, na akirudi tumpe kazi inayomstahili.